Kupima ukali wa kuona kwa watoto na watu wazima: njia sita zikilinganishwa

Mwalimu aliyekabidhiwa kazi ya kupima macho ya wanafunzi wa shule nzima, mzazi anayeshuku kwamba mtoto wake wa miaka mitatu anategemea jicho moja, na mganga wa zahanati anayepaswa kuamua kama mzee aliyeketi mbele yake apewe rufaa leo au arudi mwezi ujao, wote wanatafuta kitu kimoja: nambari inayoeleza jicho linaona kwa ukali kiasi gani. Nambari hiyo hupatikana kwa njia kadhaa, na kila njia ilibuniwa kwa ajili ya mtu wa aina fulani. Tatizo huanza pale njia inayomfaa mmoja inapotumiwa kwa mwingine, kwa sababu matokeo hutoka vilevile, huandikwa kwenye kadi, na hayapati mtu wa kuyatilia shaka.

Ukali wa kuona ni uwezo wa jicho, pamoja na ubongo unaolipokelea, wa kutenganisha vitu vidogo vilivyokaribiana. Kwa kawaida huandikwa kama sehemu: 6/18 ina maana kwamba mtu aliyekaa mita 6 kutoka kwenye chati anaishia kwenye mstari ambao jicho lenye uoni wa kawaida lingeusoma likiwa mita 18. Kadiri nambari ya chini inavyokuwa kubwa, ndivyo uoni ulivyo hafifu zaidi. Kiwango cha 6/6 huhesabiwa kuwa cha kawaida, ingawa vijana wengi wenye macho mazima hukivuka na kufika 6/5. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye jicho lake lililo bora halifiki 6/18 ana upungufu wa wastani, asiyefika 6/60 ana upungufu mkubwa, na asiyefika 3/60 huhesabiwa kuwa kipofu.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote sita zitaangaliwa kwa vigezo vinne. Cha kwanza ni kile kinachodaiwa kwa anayepimwa: je, lazima ajue kusoma, aelekeze kwa mkono, alinganishe picha, au atazame tu? Cha pili ni uaminifu wa matokeo, yaani kama hatua za kipimo zinalingana, na kama mtu anaweza kupita kwa kubahatisha. Cha tatu ni vifaa, nafasi na muda. Cha nne ni mtu anayefaa kupimwa kwa njia hiyo.

Ndani ya kigezo cha pili mna jambo linalosahaulika sana katika kupima watoto. Jicho vivu, yaani lile ambalo ubongo haukujifunza kulitumia vizuri utotoni kwa sababu ya makengeza au tofauti ya nguvu kati ya macho mawili, mara nyingi husoma herufi iliyokaa peke yake vizuri kuliko herufi hiyohiyo ikiwa imebanwa na nyingine pande zote. Kipimo kinachoonyesha alama mojamoja bila kuizungushia chochote hulipatia jicho hilo matokeo lisiyoyastahili, na mtoto hurudishwa nyumbani akiwa bado ana umri ambao tiba ingemsaidia zaidi, yaani kabla ya kufika miaka saba hivi.

Chati ya Snellen

Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht nchini Uholanzi, aliitoa chati hii mwaka 1862, na mpaka leo ndiyo inayoning'inia kwenye kuta za kliniki nyingi. Herufi zake hazikuchorwa kwa kukisia. Ile ya mstari wa 6/6 ina urefu wa takriban milimita 8.7, ukubwa ambao kutoka mita 6 hujaza pembe ya sehemu 5 kati ya sehemu 60 za digrii moja, na herufi ya juu kabisa, ya 6/60, ni kubwa mara kumi.

*Kinachodaiwa.* Anayepimwa lazima azijue herufi za Kirumi na kuzitaja. Kwa mtu mzima aliyesoma shule hili si kitu, lakini wapo wazee wa pwani waliosoma Kurani tangu utotoni na wanaoandika barua kwa herufi za Kiarabu, ambao mbele ya chati hii huonekana kama watu wasioona.

*Uaminifu.* Kubahatisha ni vigumu, kwa kuwa herufi zinazoweza kutajwa ni nyingi. Udhaifu uko kwenye hatua. Mstari wa juu una herufi moja tu, wa pili mbili, na idadi huongezeka kadiri unavyoshuka; nayo miruko kati ya mistari hailingani, kwani kutoka 6/60 kwenda 6/36 ni hatua kubwa kuliko kutoka 6/24 kwenda 6/18. Mtu ambaye uoni wake umeshuka kidogo katika eneo la juu la chati anaweza kuandikwa nambari ileile ya mwaka jana. Tena herufi zenyewe hazilingani kwa ugumu: L hujulikana hata ikiwa na ukungu, B haijulikani.

*Vifaa, nafasi na muda.* Ni karatasi moja, ukuta wenye mwanga, na mita 6, au mita 3 pamoja na kioo. Kipimo cha macho yote mawili humalizika kwa dakika chache. Chumba kikiwa kifupi na hakuna kioo, itumike chati iliyotengenezwa kwa mita 3. Anayetumia chati ya mita 6 kwa umbali wa mita 3 humpa mgonjwa matokeo mazuri mara mbili ya hali yake halisi.

*Anayefaa.* Mtu mzima na mtoto mkubwa anayezisoma herufi bila kusita, katika kliniki ambako swali ni kama anaona vya kutosha au apelekwe mbele.

Chati ya E na pete ya Landolt

Chati ya E ina alama moja tu, inayogeuzwa pande nne, na anayepimwa huonyesha kwa mkono upande inakoelekea miguu yake. Pete ya Landolt, iliyopewa jina la daktari Mswisi aliyefanya kazi Paris na kuitoa mwaka 1888, ni duara lenye pengo, na swali ni pengo liko upande gani. Pete hii ndiyo alama ya rejea katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8596, ingawa katika kliniki zetu utaikuta mara chache kuliko E.

*Kinachodaiwa.* Hakuna kusoma wala kutaja jina la chochote. Hata hivyo mtoto wa chini ya miaka mitano au sita mara nyingi huchanganya kulia na kushoto, si kwa sababu haoni bali kwa sababu akili yake bado haijatulia juu ya pande. Juu na chini hazichanganyi. Ukimwona mtoto anapatia za juu na chini zote na kukosea za kulia na kushoto tu, kilichoshindwa hapo ni kuelewa, wala si jicho. Mpe E ya kadibodi aishike na kuigeuza ifanane na ile anayoiona, na tatizo hilo kwa sehemu kubwa huondoka.

*Uaminifu.* Pande ni nne, kwa hiyo anayebahatisha hupatia moja kati ya nne. Ndiyo maana jibu moja halitoshi: kanuni inayotumika sana ni kupatia alama 4 kati ya 5 za ukubwa mmoja, na uwezekano wa kufika hapo kwa bahati tupu ni takriban mara 1 katika 64. Mwalimu anayeonyesha alama mbili na kusema “haya, mwingine” hajapima kitu. Jambo lingine la kuangalia ni kama alama za E zimepangwa kwa mstari au ziko mojamoja, kwa sababu ya lile jicho vivu lililotajwa juu.

*Vifaa, nafasi na muda.* Sawa na Snellen, ila dakika moja zaidi ya kumfundisha anayepimwa, macho yote yakiwa wazi, kabla ya kuanza.

*Anayefaa.* Watoto wa shule ya msingi, watu wazima wasiosoma au wanaosoma kwa herufi nyingine, na mkusanyiko wowote wa watu wa lugha mchanganyiko.

Chati ya hatua sawa

Chati hii, ambayo wataalamu huiita ya logMAR, ilitengenezwa mwaka 1976 na Ian Bailey na Jan Lovie wakiwa Melbourne, ili kuondoa kasoro zilizotajwa kwenye Snellen. Umbo lake ni la pembetatu iliyopinduliwa: kila mstari una herufi 5, nafasi kati ya herufi na kati ya mistari hupungua pamoja na ukubwa wa herufi, na kila mstari ni mdogo kwa uwiano uleule kuliko ule ulio juu yake, kiasi kwamba ukishuka mistari mitatu ukubwa umepungua kwa nusu.

*Kinachodaiwa.* Kusoma herufi, ingawa yapo matoleo ya E na ya picha kwa wasiosoma.

*Uaminifu.* Hapa ndipo inapozishinda nyingine. Kila herufi moja ina thamani yake, 0.02, kwa hiyo mgonjwa aliyepoteza herufi tatu anaonekana kuwa amepoteza herufi tatu, badala ya kufichwa ndani ya mstari. Nambari zake huwachanganya wageni kwa sababu zinakwenda kinyume na matarajio: 0.0 ni sawa na 6/6, 0.3 ni 6/12, na 1.0 ni 6/60, maana yake nambari kubwa ni uoni mbaya.

*Vifaa, nafasi na muda.* Chati yenyewe ni kubwa, mara nyingi hupimwa kwa mita 4, na inapaswa kumulikwa sawasawa, kwa hiyo hospitali nyingi huiweka ndani ya sanduku la taa. Humchukua mpimaji muda mrefu kuliko Snellen, jambo ambalo foleni ya asubuhi haiwezi kulivumilia daima.

*Anayefaa.* Mtu anayefuatiliwa kwa miezi au miaka: mgonjwa wa kisukari ambaye retina yake, yaani utando wa nyuma ya jicho, inatibiwa, mtoto anayefunikwa jicho zima ili lile vivu lifanye kazi, au mshiriki wa utafiti.

Picha na herufi za kulinganisha

Mwaka huohuo wa 1976, daktari wa macho wa Ufini, Lea Hyvärinen, alitoa alama nne ambazo leo hubeba jina lake: nyumba, tofaa, duara na mraba. Ubora wake ni kwamba zikipata ukungu zote huanza kufanana na duara, kwa hiyo hakuna alama rahisi kuliko nyingine. Picha za kawaida, kama gari, bata au kikombe, hazina sifa hiyo, na mtoto aliyeona kivuli tu cha bata anaweza kumjua bata. Njia ya pili katika kundi hili hutumia herufi nne tu, H, O, T na V, ambazo zote zina umbo lisilobadilika upande wa kulia na kushoto, na hivyo hazimtatizi mtoto anayechanganya pande.

*Kinachodaiwa.* Mtoto hupewa kadi magotini yenye alama nne, na anapoonyeshwa alama kwa mbali, hugusa inayofanana nayo. Si lazima aseme neno. Kama anasema, jina lolote atakalolipa linakubaliwa ilimradi halibadilishi. Mtoto wa Unguja anayeliita tofaa “embe” kuanzia mwanzo mpaka mwisho anaona vizuri.

*Uaminifu.* Nafasi ya kubahatisha ni moja kati ya nne, kama ilivyo kwa E. Toleo la kuchagua ni lile lenye alama zilizopangwa kwa mstari, au alama moja iliyozungushiwa vijiti pande nne. Matarajio nayo hubadilika kwa umri: kwa mtoto wa miaka mitatu 6/15 inakubalika, kwa wa miaka minne 6/12, na kuanzia mitano anatarajiwa kukaribia 6/9. Tofauti ya mistari miwili kati ya jicho na jicho ni sababu ya rufaa hata kama jicho lililo dhaifu limefika kiwango cha umri.

*Vifaa, nafasi na muda.* Kitabu kidogo cha alama na kadi ya kulinganishia, kwa kawaida mita 3 au pungufu, kwa sababu mtoto mdogo hupoteza hamu na mtu aliye mbali naye. Muda hutegemea hali yake siku hiyo.

*Anayefaa.* Mtoto wa miaka mitatu mpaka sita, na mtu wa umri wowote mwenye ulemavu wa akili anayeweza kulinganisha vitu.

Kadi za mistari kwa watoto wachanga

Mtoto mchanga akiwekewa sehemu mbili mbele yake, moja tupu ya kijivu na nyingine yenye mistari myeupe na myeusi, hugeukia mistari. Juu ya tabia hiyo Davida Teller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walijenga seti ya kadi ambazo mistari yake huzidi kuwa myembamba. Mpimaji huchungulia kupitia tundu dogo katikati ya kadi na kuangalia macho ya mtoto yanakwenda wapi. Mistari ikiwa myembamba mno kwa jicho hilo, kadi yote huonekana ya kijivu na mtoto hageuki.

*Kinachodaiwa.* Kutazama tu, akiwa amepakatwa na mama yake, naye mama asijue mistari iko upande gani.

*Uaminifu.* Matokeo ni makadirio ya mpimaji aliyefunzwa, na hayapaswi kusomwa kana kwamba yametoka kwenye chati ya herufi. Kuona mistari ni kazi nyepesi kuliko kutambua herufi, hivyo jicho vivu lenye makengeza linaweza kupita hapa na kushindwa miaka mitatu baadaye. Mzazi asishtuke pia akiambiwa kwamba mtoto aliyezaliwa juzi ana ukali wa karibu 6/180. Hivyo ndivyo macho ya binadamu yanavyoanza.

*Vifaa, nafasi na muda.* Kadi ni za bei kubwa na hupatikana zaidi katika hospitali za rufaa zenye kitengo cha macho ya watoto. Umbali ni mfupi, sentimita 38 kwa wachanga na 55 kwa wakubwa kidogo.

*Anayefaa.* Mtoto ambaye bado hajaweza kulinganisha picha, hasa wa chini ya miaka miwili, na mtu mkubwa asiyeweza kuwasiliana.

Programu ya simu

Inayojulikana zaidi Afrika Mashariki ni Peek Acuity, ambayo mizizi yake iko Kenya: daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake waliijaribu Nakuru, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba nambari zake zinakaribiana na zile za chati ya hatua sawa.

*Kinachodaiwa.* Ni E ileile. Anayepimwa huelekeza mkono, naye mpimaji hutelezesha kidole kwenye skrini kufuata upande huo, bila kuhitaji kujua jibu sahihi ni lipi. Kwa mpimaji asiye mtaalamu hilo ni jambo kubwa, kwa sababu hawezi kumsaidia mtoto kwa uso wake.

*Uaminifu.* Programu huchagua ukubwa wa E inayofuata na kuamua lini pa kusimama, kwa hiyo mtoto hawezi kukariri mstari alioutaja mwenzake kwenye foleni. Onyo ni kwamba si kila programu iliyo dukani imejaribiwa dhidi ya chati halali, na skrini yenye mwanga hafifu au inayorudisha jua huharibu kila kitu.

*Vifaa, nafasi na muda.* Simu iliyochajiwa, umbali mfupi kuliko mita 6, na dakika chache. Mafanikio yake makubwa, kwa maoni yangu, yako nje ya kipimo chenyewe. Katika utafiti wa shule 50 za Trans Nzoia uliochapishwa mwaka 2018, kati ya kila watoto 100 waliogunduliwa kuwa na tatizo, 54 wa shule zilizotumia mfumo huo walifika hospitalini, dhidi ya 22 wa shule zilizotumia njia ya kawaida. Na mfumo huo uliongeza picha inayomwonyesha mzazi jinsi mtoto wake anavyoona ubao, pamoja na ujumbe mfupi wa kumkumbusha.

*Anayefaa.* Upimaji wa shule na wa vijijini, ambako wapimaji ni walimu au wahudumu wa afya ya jamii.

Yanayoharibu kipimo chochote

Jicho lisilopimwa lifunikwe kwa kiganja au kifuniko, kamwe si kwa vidole, na lisibonyezwe, kwani likibonyezwa litakuwa na ukungu zamu yake ikifika. Kwa mtoto mdogo, plasta ya jicho ni bora, maana watoto huchungulia bila hata kukusudia. Anayevaa miwani ya mbali apimwe akiwa nayo. Anayeshindwa kufika 6/12 aangalie tena kupitia kadi yenye tundu la milimita 1.2 hivi; akiboreka, huenda miwani itamsaidia, na asipoboreka, mtafute mtoto wa jicho, kovu au ugonjwa wa retina. Asiyeiona hata herufi kubwa kabisa husogezwa karibu, kisha huhesabishwa vidole, kisha huonyeshwa mkono unaopunga, na mwisho tochi.

Ile mashine ya kliniki ambayo mtu huegemeza kidevu na kutazama puto la rangi haipimi ukali wa kuona. Inakadiria nguvu ya lenzi ambayo jicho linahitaji, na watu wengi hutoka hapo wakidhani wamepimwa yote. Kadhalika 6/6 haimaanishi kwamba jicho ni zima: glakoma hula pembezoni mwa uoni huku katikati pakibaki pakali, na mtoto anayeona karibu kwa shida anaweza kulikaza jicho lake na kupita.

Kulingana na hali

Ukiwa na shule ya msingi ya mamia ya wanafunzi na walimu wawili wa kusaidia, chagua kati ya chati ya E na programu ya simu. Chati inafaa pale umeme ni wa shida na simu hazitoshi. Programu inafaa pale unapotaka kumbukumbu na ufuatiliaji wa waliopewa rufaa. Katika hali zote mbili amua kikomo mapema, kwa mfano 6/12 kwa kila jicho, na wapime watoto mmojammoja, wengine wakisubiri nje ya chumba.

Kwa mtoto wa chekechea, tafuta kliniki yenye alama za Lea au herufi za kulinganisha, na uulize kama zimepangwa kwa mstari. Kwa mtoto asiyefika miaka mitatu ambaye jicho lake lina kengeza, au ambaye mboni yake inaonekana nyeupe kwenye picha, usisubiri awe na umri wa kupimwa kwa chati; mpeleke kwa daktari wa macho sasa, kwani kadi za mistari na uchunguzi wa ndani ya jicho hazihitaji ajibu chochote.

Mtu mzima anayetaka kujua tu kama anahitaji miwani atatoshwa na Snellen au E, na akiwa amevuka miaka 40, aongezewe kipimo cha karibu kwa umbali wa sentimita 40, kwa sababu anaweza kusoma 6/6 ukutani na kushindwa kusoma ujumbe wa simu. Anayetibiwa ugonjwa unaoendelea aombe chati ya hatua sawa, na ziara zote zifanyike kwa chati ileile na umbali uleule, kwani 6/18 ya Snellen mwezi Machi na 0.4 ya chati nyingine mwezi Juni haziwezi kulinganishwa kwa uhakika, ingawa kwenye karatasi zinaonekana kama zimeboreka.

Kwa mtu mwenye ualbino, njia yoyote kati ya hizi inafaa ikiwa utaanza kumpima kwa macho yote mawili yakiwa wazi, kwa sababu macho yanayochezacheza huzidi kucheza mojawapo likifunikwa, na nambari ya jicho mojamoja hutoka mbaya kuliko anavyoona katika maisha yake. Mwache ainamishe kichwa apendavyo, mpunguzie mwanga wa dirishani, kisha mpime pia kwa maandishi ya karibu akiyashika kwa umbali anaoutaka mwenyewe. Kipimo hicho cha pili ndicho kitakachomwambia mwalimu mtoto akae dawati gani na apewe kitabu cha herufi za ukubwa gani.